Pandikizi na Mji Usio na Watu

Mwanakhamis Saif Muhdhar alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiomjua kwa sura waliijua kwa sauti: hasifu kibovu. Asubuhi alifundisha hesabu katika shule moja ya Tononoka, Mombasa. Alasiri, akisha kula na kuswali, alijifungia chumbani mwake Ganjoni, akawasha maikrofoni, akaichambua gemu moja kwa Kiswahili kilichonyooka, uzuri wake kwanza, ubaya wake baadaye, kisha hukumu. Vijana wa Mombasa, Tanga na Unguja walimsikiliza kwenye simu zao. Aliyeipenda gemu ikaumbuliwa alimtukana, na wiki iliyofuata akarudi kumsikiliza tena.

Kwa hivyo Ijumaa ile baada ya sala, nduguye Faraj alipokuja na kompyuta kwapani na kumwambia kuwa Pandikizi imekwisha, na kwamba anataka aicheze na kuitolea hukumu mbele ya watu, Mwanakhamis hakufurahi. Alijaribu kumgeuza nia.

"Mimi dadako," alimwambia. "Nikiisifu watasema nimekupendelea. Nikiiponda, nitakuwa nimekuvua nguo sokoni."

"Sema kama usemavyo za watu," Faraj akamjibu. "Ukinipendelea nitajua."

Nyuma yake alisimama Umair, mwenzake tangu chuoni, mtoto wa mwenye duka la rangi. Umair ndiye aliyechora majitu yote ya gemu ile, na ndiye aliyekuwa na ulimi wa kuzungumza na wakubwa. Alieleza kuwa Jumamosi ya wiki ya pili Pandikizi itaonyeshwa watu katika ukumbi mmoja wa Tononoka, na kwamba kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka kuitoa, itamtuma mtu wake. Alisema hayo akicheka, lakini vidole vyake havikuacha kuchezea ufunguo wa pikipiki.

Mwanakhamis aliicheza siku ya pili, amesimama. Siku hizo alikuwa akifanya karibu kila kitu amesimama. Chai aliinywa dirishani, madaftari ya wanafunzi aliyasahihisha roshanini, na mamake, Bi Yumna, alizoea kumwambia kuwa yu kama aliyekalia siafu. Aliiweka kompyuta juu ya kabati, akashika pedi ya kuchezea, akaanza.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Majitu ya chuma yametokea mlango wa Kilindini kuja kuuvunja mji, na wewe umekaa kifuani mwa Pandikizi, roboti mrefu kuliko mnara wa msikiti, uulinde. Alichokipenda mwanzo ni uzito. Gemu nyingi za maroboti alizowahi kucheza, jitu huruka kama panzi mpaka ukasahau kuwa ni chuma. Pandikizi haruki. Akiinua mguu, mwili mzima huegemea upande mmoja. Akiushusha, pedi hutetemeka mkononi na vioo vya maduka hulia mtaa mzima. Ukitaka kupiga ngumi lazima uianze mapema, kabla adui hajafika, kwa hivyo kila ngumi huifikiria kwanza. Ukikosa, jitu lako hupepesuka, na wewe moyo unapepesuka nalo.

Kisha kulikuwa na lile la moto. Pandikizi akipigana sana huchemka, na akichemka sharti umtie baharini apoe. Na bahari ile hujaa na kupwa kama bahari ya kweli. Mwanakhamis alijisahau akapigana maji yakiwa yamekupwa, akalazimika kulikokota jitu lake juu ya miamba mitupu huku adui yuko mgongoni, akashindwa pale pale, na akajikuta akicheka peke yake. Hajapata kuona gemu inayomtaka mchezaji ajue kujaa na kupwa kwa bamvua.

Ubaya nao aliuona, kwa kuwa jicho lake halikulala. Katika vichochoro kamera ilikwama nyuma ya kuta, ukabaki unatazama mgongo wa jengo huku unapigwa. Majitu ya adui, baada ya muda, yalikuwa yale yale yaliyopakwa rangi nyingine. Na kuna jemadari aliyezungumza redioni bila kupumua, akikueleza mambo ambayo umeshayaona kwa macho yako.

Akafika Mji wa Kale. Njia ni nyembamba na Pandikizi ni mpana; kiwiko chake kikagusa nyumba moja ya ghorofa. Haikulipuka kama nyumba za gemu zilipukavyo. Kwanza lipu ilimenyeka juu. Kisha boriti moja ikalia, ikafuatwa na nyingine. Sakafu ya ghorofani ikalegea katikati kama leso mbichi kwenye kamba. Pakawa kimya, kitambo kidogo mno. Ndipo ikashuka yote kwa pamoja, na vumbi likapanda, likakaa hewani. Pembeni mwa skrini alama zilipungua kidogo. Pandikizi akasonga mbele.

Bi Yumna alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Zima," alisema.

Mwanakhamis akazima.

"Nani aliyeitia sauti ile?"

"Faraj, mama."

Bi Yumna aliitazama skrini iliyokuwa nyeusi. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba basi Faraj aliisikia vizuri kuliko wao wote, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akarudi jikoni, na muda si muda harufu ya chapati inayoungua ikajaa nyumba nzima.

Mwaka juzi, wakati wa masika, nyumba yao ya Kibokoni, katika Mji wa Kale, ilianguka. Ilikuwa nyumba ya mawe na boriti, ya babu wa babu, na mvua zilikuwa zimeshainywesha kupita kiasi. Mchana mmoja ilitoa mlio. Baba yao, Bwana Saif, aliwatoa wote nje, akamwambia Faraj amshike mamake asimwachilie. Halafu akamkumbuka mpangaji wa ghorofani, Thoya, aliyefanya kazi bandarini usiku na saa zile hulala fofofo. Akarudi ndani. Thoya alitoka mbio, miguu mitupu. Bwana Saif hakutoka.

Baada ya matanga walihamia Ganjoni, kwenye fleti ya saruji. Kila mtu alilia kwa namna yake, isipokuwa Faraj, ambaye hakuna aliyemwona akilia wala kulitaja jambo lile. Alijifungia na Umair, akatengeneza gemu.

Jioni hiyo Mwanakhamis hakuweza kukaa chini ya dari. Alivaa buibui lake akashuka, akatembea mpaka Mama Ngina, kando ya bahari. Alipita kati ya wauza mihogo ya kukaanga na madafu, akakanyagwa na mtoto aliyekuwa akikimbiza mpira, akaombwa radhi na mama wa mtoto, akasukumwa kidogo na kundi la wasichana waliokuwa wakipigana picha. Akatembea mpaka mwisho, akageuka, akarudi, akageuka tena. Kitu kilikuwa kikimkera kuliko sauti ya boriti, na hakujua ni kipi mpaka aliposimama kumpisha mzee mmoja na sinia lake la kashata.

Ndani ya gemu hamkuwa na mtu. Alizipita njia zote tena kichwani. Maduka yalikuwa wazi. Birika za kahawa zilitoa mvuke. Nguo zilianikwa, mabaraza yalifagiliwa, na paka walikaa juu ya kuta. Pandikizi alipokaribia, kunguru waliruka, kila mmoja kwa njia yake, wamechorwa kwa subira ya ajabu. Lakini katika mji mzima aliokuwa akiulinda, hapakuwa na hata binadamu mmoja wa kulindwa.

Alipokuwa angali pale Umair akampigia simu. Alimwamkia kwa adabu, akamuulizia mama, halafu akamwomba kwa maneno ya mzunguko kwamba uzuri auseme sasa na ubaya aulaze mpaka maonyesho yapite, kwa sababu watu wa kampuni nao wana masikio. Mwanakhamis alimwambia ataona. Akakata, akaendelea kutembea mpaka nyayo zikamuuma.

Jumapili alikwenda kumtafuta nduguye katika chumba chao cha kazi, juu ya duka la babake Umair. Faraj alikuwa peke yake, macho mekundu kwa kukesha. Mwanakhamis alianza na uzuri kama desturi yake, na hakuubania: uzito, moto, bahari, na kile kicheko alichokicheka. Faraj alisikiliza ameinamisha kichwa, na masikio yake yalionyesha furaha ambayo uso uliificha. Kisha akamtajia kamera, maadui wanaofanana, na jemadari mwenye maneno mengi. Faraj aliyakubali yote. Ya jemadari alicheka hata yeye.

"Na watu wako wapi?" Mwanakhamis akauliza.

Faraj alisema watu ni kazi kubwa. Mtu anataka kutembea, kugeuka, kuwa na uso, na wao ni wawili tu, na muda haukutosha.

"Kunguru umewapatia muda."

"Kunguru ni wepesi."

"Faraj, kila kunguru anaruka kivyake. Nimewatazama. Usinambie ni wepesi."

Faraj aliinuka akaenda dirishani. Chini mtu alikuwa akipakia madebe ya rangi kwenye tuktuk. Aliitazama mpaka ikaondoka.

"Nikimtia mtu mle ndani," alisema, "na nyumba ikaanguka, itanibidi niamue nani atoke na nani asitoke. Mimi ndiye nitakayeandika hivyo kwa mkono wangu. Siwezi, Mwana. Nimejaribu."

Mwanakhamis alikuwa amekuja na hoja zake zimepangwa kama hesabu ya ubaoni, na sasa zote zilimtoka. Aliuliza kama bado anataka hukumu itoke. Faraj alisema ahadi ni ahadi, akavaa vipokea sauti vyake, akampa mgongo.

Hukumu ile aliirekodi mara nyingi kuliko zote alizowahi kurekodi. Katika mojawapo alisifu tu. Aliisikiliza, akaona haya, akaifuta. Katika nyingine alimtaja baba yao. Hiyo aliifuta kabla haijakwisha. Mwishowe aliizungumza kama gemu ya mtu asiyemjua. Aliwaambia wasikilizaji kuwa mwenye kuitengeneza ni nduguye, kwa hivyo wampime na yeye pia. Alisifu alichokisifu, akakosoa alichokikosoa, na mwisho akasema, "Nimeulinda mji huu siku nzima, na sikumwona niliyemlinda. Pandikizi analinda mawe. Ni gemu nzuri sana, na haijakwisha."

Maneno yakaenea. Wapo waliomwita hasidi wa nduguye, na wapo waliosema ndiyo maana wanamwamini. Umair alimtumia ujumbe wa sauti mrefu, ulioanza kwa heshima na kuishia kwa hasira. Faraj aliandika neno moja: "Nimesikia." Siku zote zilizobaki hakuja nyumbani kula, na Mwanakhamis alikuwa akishuka ngazi za Ganjoni na kuzipanda bila kuwa na safari.

Jumamosi ukumbi wa Tononoka ulijaa. Vijana walipanga foleni mpaka nje, na kila Pandikizi alipokanyaga, wote walitikisika kwa kelele za furaha. Mjumbe wa kampuni alikuwa mwanamke aliyeitwa Wendy, aliyetoka Nairobi asubuhi hiyo. Alicheza kwa ustadi, kisha akakaa na Faraj na Umair pembeni, Mwanakhamis akiwa karibu akisikia. Wendy alikuwa ameisikia hukumu ya Mwanakhamis na hakukubaliana nayo. Alisema mji mtupu haumsumbui mchezaji. Watu wangeifanya gemu kuwa nzito na kuchelewa. Kampuni iko tayari kuitoa kabla ya mwaka kwisha. Alichotaka kibadilishwe ni kimoja: nyumba zinakawia kuanguka. Zianguke upesi, na moto uwepo, maana wachezaji wanapenda mlipuko.

Umair alikuwa ameshatikisa kichwa kukubali. Faraj alisema atafikiri.

Wakati huo Thoya aliingia, amevaa shati lililopigwa pasi, akapanga foleni kama wengine. Alikuwa mtu mfupi, mpole, ambaye kila mwezi hakosi kuja Ganjoni kumwamkia Bi Yumna. Zamu yake ilipofika alikishika kile kidubwasha kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akacheza vibaya, na vijana wakamwelekeza. Akafika Mji wa Kale. Kiwiko kikagusa nyumba. Boriti zikalia.

Thoya aliitazama mpaka vumbi likapanda. Akaiweka pedi mezani polepole, akamwendea Faraj, akamwomba watoke nje kidogo.

Mwanakhamis aliwafuata. Walisimama kando ya uwanja, ambako watu walikuwa wakicheza mpira, na Thoya akasema bila kuzungukazunguka.

"Hujaniuliza hata siku moja. Nikija kumwamkia mama, wewe huondoka."

"Nikuulize nini?"

"Babako alisema nini kule juu."

Thoya akasimulia mwenyewe. Alikuwa amelala usingizi mzito. Bwana Saif alimvuta kidole cha mguu, akamwambia, "Thoya, amka, nyumba yahama," kwa sauti ile ile aliyowaamshia watoto wake daku Ramadhani. Thoya alidhani ni mzaha, hata akacheka. Kisha akaona ukuta ulivyoinama. Fremu ya mlango ilikuwa imekaa upande, na mlango unajibana. Bwana Saif aliuzuia kwa bega na mkono, akamwambia apite chini ya kwapa lake. Alipita. Kwenye ngazi aligeuka, na Bwana Saif akamwambia nenda, naja.

Mpira ulitoka uwanjani ukapita karibu nao. Mtu akaufuata, akaurudisha.

"Aliogopa?" Faraj aliuliza.

Thoya alifikiri kabla ya kujibu. "Aliogopa. Nilipita chini ya mkono wake, ulikuwa ukitetemeka. Sauti ndiyo haikutetemeka."

Faraj alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu anayetapika, na Thoya alichuchumaa mbele yake kumkinga na macho ya watu. Mwanakhamis hakuweza kusimama wala kukaa. Alikwenda mpaka kwenye goli, akarudi, akaenda tena, machozi yakimtoka huku anatembea, na aliporudi mara ya mwisho aliwakuta wamekaa bega kwa bega, Thoya anaeleza jinsi Bwana Saif alivyokuwa akimkaripia kwa kuimba bafuni.

Faraj aliporudi ukumbini alimwambia Wendy kuwa anashukuru, lakini gemu haijakwisha. Wendy alikuwa muungwana. Alimpa mkono, akamtakia heri, na baadaye kampuni ikashika mambo mengine. Umair ndiye aliyeumia. Alisema miaka ya kazi yao imetupwa kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja, na neno hilo lilikaa kati yao muda mrefu. Hawakusemezana mpaka Ramadhani, Umair alipopanda ngazi za Ganjoni na sahani ya sambusa kutoka kwa mamake, na ndani ya kompyuta yake picha ya mwanamke anayeanika nguo. Ndiye mtu wa kwanza wa mji ule. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, na Bi Yumna alilisema hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Pandikizi ya sasa ni gemu nyingine. Unapokaribia nyumba za watu, wao hukimbia, na wengine hurudi kuwachukua wenzao. Nyumba ikilegea, unaweza kuliacha pigano ukaizuia kwa mikono ya jitu lako, na unavyozidi kuizuia ndivyo linavyochemka. Faraj haandiki nani atoke. Ni wewe na mikono yako, na muda utakaoweza kustahimili. Wameitoa wenyewe, na wanaoinunua wanaongezeka pole pole. Mwanakhamis ameizungumza tena: amesema wanawake wote wana mwendo mmoja, na watoto hawachezi, wanasimama tu kama nguzo. Amesema pia kwamba hatua ya Mji wa Kale hajaimaliza, na hakueleza kwa nini.

Makosa hayo Faraj yuko mbioni kuyarekebisha. Alasiri moja alimwomba dadake wafuatane Kibokoni, mahali ambapo hawakuwa wamekwenda pamoja tangu siku ile. Kiwanja chao kimezungushiwa mabati. Hawakukiendea; walisimama pembeni, kwenye kona, mkokoteni wa maji ukija. Watu wakajibandika ukutani kuupisha. Bibi mmoja alikusanya buibui lake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika bega la msichana aliyekuwa amebeba mayai, wasiojuana, asije akayaangusha. Mkokoteni ukapita, akamwachilia, kila mmoja akaenda zake.

"Umeona alivyomshika?" Faraj aliuliza.

Mwanakhamis alisema ameona. Jua lilikuwa kali, miguu yake ilishaanza kumwasha, akasema basi twende. Faraj alimwambia angoje kidogo, mkokoteni mwingine waja.